Risasi tatu, bunduki moja: uchambuzi wa jaribio la usahihi na kupanuka kabla ya msimu wa uwindaji, Arusha

Usuli

Kampuni inayozungumziwa hapa inaendesha uwindaji wa kitalii na ofisi yake iko Arusha. Jina lake, kitalu chake cha uwindaji na majina ya wahusika vimeondolewa. Ina bunduki zake za .375 H&H ambazo huwaazima wageni wasiotaka usumbufu wa kusafiri na silaha. Bunduki ya aina hiyo ilianza na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na hapa nchini .375, yaani upana wa risasi kwa inchi, ndicho kipimo cha chini kinachokubalika kwa wanyama hatari kama mbogo. Ndiyo maana kampuni nyingi zina angalau moja kabatini.

Mwishoni mwa msimu uliotangulia, mgeni alimpiga mbogo dume kwa umbali usiofika hatua arobaini. Mbogo aliyumba, akageuka, akaingia kichakani. Jua lilikuwa linazama, wakaona wamwache. Asubuhi walimkuta bado hai. Waliotangulia kuingia kwenye kile kichaka ni wasoma nyayo wawili, na mmoja wao aliokolewa na mti tu. Mbogo alimalizwa kwa risasi nyingine na hakuna mtu aliyeumia.

Wakati wa kuchuna ndipo sababu ilipoonekana. Shimo la kuingilia lilikuwa mahali pake, sehemu ya chini ya bega. Ndani, koti la shaba la kichwa cha risasi lilikuwa limekwama kwenye msuli, na madini ya risasi yaliyokuwa ndani ya koti yalikuwa yametawanyika vipande vipande kandokando ya kombe la bega, ule mfupa mpana wa bega. Pafu la upande wa pili halikuguswa.

Mkurugenzi kwanza alidhani mgeni alipiga vibaya. Mwindaji bingwa aliyekuwa naye alikataa katakata na kumwonyesha picha ya lile shimo. Hapo ndipo swali lilipohama kutoka kwa mpigaji kwenda kwenye risasi yenyewe, na mkurugenzi akaagiza jaribio lifanyike kabla ya msimu kufunguliwa Julai 1. Mimi niliitwa kushika daftari na kalipa, kifaa cha kupimia upana kwa milimita.

Risasi zilizoshindanishwa

Zilikuwa za aina tatu, zote zikiwa na kichwa cha greni 300, yaani takribani gramu 19.4. Nitaziita kwa majina tuliyoyatumia uwanjani.

Ya kawaida: madini ya risasi ndani, koti jembamba la shaba nje, ncha laini iliyo wazi. Hii ndiyo iliyotumika kwa yule mbogo, na stoo ilikuwa na maboksi mengi yake. Ya kuungwa: muundo unafanana, ila koti ni nene zaidi na limeunganishwa na kiini, yaani yale madini ya ndani, kwa joto kiwandani ili visiachane. Ya shaba: haina kiini cha aina nyingine, ni shaba tupu yenye tundu nchani, na inapogonga kitu chenye maji tundu lile hupasuka na kufunguka kwa nje. Kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kichwa cha shaba chenye uzito uleule huwa kirefu zaidi. Jambo hilo lilitusumbua baadaye.

Walioshiriki walikuwa watatu mbali na mimi: mwindaji bingwa mwenye umri mkubwa ambaye wote tunamwita Mzee, fundi wa bunduki mwenye leseni, na kijana aliyemaliza Chuo cha Mweka, chuo cha usimamizi wa wanyamapori, ambaye ndiye aliyependekeza magazeti yaliyolowa tuliyotumia baadaye kupokea risasi. Kila risasi iliyotoka boksini iliandikwa, na kila ganda likarudishwa na kuhesabiwa. Mkaguzi wa silaha hataki hadithi, anataka hesabu.

Siku ya karatasi

Uwanja wa shabaha tuliopewa uko nje ya mji. Tulianza mapema, maana pale upepo huamka saa nne hivi na vumbi lake. Bunduki ililazwa juu ya mifuko ya mchanga, karatasi ikawekwa mita 100, na makubaliano yakawa kundi la risasi tano kwa kila aina, ili tupime matundu yake yametawanyika kwa upana gani.

Mzee alitaka tatu. Hoja yake ilikuwa ya fedha na ya bega: .375 inapiga teke, na mpigaji aliyechoka huanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Fundi alimjibu kwamba kundi haliwezi kupungua kwa kuongeza risasi, linaweza kubaki vilevile au kukua tu, kwa hiyo risasi tatu karibu kila mara zitakupa picha nzuri kuliko bunduki inavyostahili. Walikubaliana kupiga tano, wapigaji wakibadilishana, na mtutu uachwe upoe hadi ushikike kwa kiganja kabla ya kundi linalofuata.

Kupima kundi ni kazi ndogo lakini watu huikosea. Unapima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa tundu lililo mbali nalo zaidi, kisha unatoa unene wa kichwa kimoja, ambao kwa .375 ni milimita 9.5. Kinachobaki ni umbali wa kitovu hadi kitovu. Ukisahau kutoa, umejiongezea karibu sentimita nzima.

Ya kawaida ilipigwa kwanza na ikatoa kundi la karibu sentimita 3. Hiyo ni takribani dakika moja ya pembe (sehemu moja ya sitini ya nyuzi), ambayo kwa mita 100 ni sentimita 2.9. Kwa bunduki ya kuazima ni jambo la kujivunia. Ya kuungwa ilifuata na kutoa karibu sentimita 5. Ya shaba ikapigwa mwisho na ikasambaa karibu sentimita 9, tundu moja likiwa peke yake kabisa.

Mzee alisema kilichokuwa vichwani mwetu sote: ya shaba itoke, na kama ni usahihi, ya kawaida imeshinda.

Fundi hakubishana. Aliomba muda, akautazama mtutu kwa tochi na kutuonyesha michirizi ya shaba iliyobaki kutoka kwenye makoti ya risasi za mwanzo. Akausafisha kwa dawa ya kutoa shaba, kitambaa baada ya kitambaa, mpaka kitambaa kilipoacha kutoka na rangi ya buluu. Ilichukua muda mrefu kuliko upigaji wote wa asubuhi ile. Kisha akapiga risasi mbili za shaba kwenye tuta bila kuzihesabu, mtutu uzoee, na baada ya kupoa akapiga kundi jipya. Lilikuwa karibu sentimita 4.

Hapa pana funzo zito kuliko yote ya siku ile. Tulidhani tunalinganisha risasi, kumbe kwa sehemu tulikuwa tunalinganisha nafasi kwenye foleni. Ya kwanza ilipata mtutu safi, ya mwisho ikapata mtutu mchafu. Tungeishia pale, tungeitupa risasi nzuri na kuandika ripoti yenye namba sahihi na jibu la uongo.

Kitu kingine kilionekana palepale kwenye karatasi, na nusura kipite bila kuandikwa. Makundi matatu hayakutua mahali pamoja. Darubini ya bunduki ilikuwa imesetiwa, yaani imerekebishwa ili lengo na tundu vilingane, kwa ya kawaida. Ya kuungwa ilitua chini kidogo, ya shaba ikatua chini zaidi na kushoto, karibu sentimita 6 kutoka kitovu. Mtutu hutikisika kwa namna yake kwa kila risasi, na kila risasi humkuta mtutu mahali tofauti kidogo inapotoka. Bunduki iliyosetiwa kwa risasi moja haijasetiwa kwa nyingine, hata kama boksi zote zimeandikwa .375 na greni 300.

Kijana wa Mweka aliuliza kama mwinuko wa Arusha, takribani mita 1,400, utabadilisha mambo bunduki ikishuka nyikani kusini. Kwa umbali wa mbali sana, ndiyo, hewa nzito hupunguza kasi zaidi. Kwa mbogo wa mita 60 tofauti hiyo haipimiki kwa kalipa, kwa hiyo tuliiacha. Hata hivyo, bunduki husetiwa upya kambini kila msimu, kwa sababu safari ya barabara ya vumbi hulegeza skrubu za darubini.

Madumu, magazeti na kombe la bega

Jeli ya kupimia risasi, ile ya asilimia 10 inayotumika maabara, inatakiwa iwe na baridi ya nyuzi 4 wakati wa kupigwa. Kwenye uwanja wa wazi huwezi kuilinda. Tulitumia vitu vinavyopatikana: madumu ya lita tano yaliyojazwa maji na kupangwa mstari mmoja, mafurushi ya magazeti ya zamani yaliyolowekwa kwenye pipa usiku kucha, na makombe ya bega ya ng'ombe kutoka bucha. Mizani tuliazima kwa sonara anayepima vito, kwa sababu mizani ya dukani haioni nusu gramu.

Madumu yalipangwa kwanza kwenye mita 100, kwa sababu tu vibao vya shabaha vilikuwa pale. Ya kawaida ikafanya vizuri mno. Ilisimama kwenye dumu la nne, imefunguka kama uyoga, na mizani ikasema imebaki na karibu theluthi mbili ya uzito wake. Mzee aliigeuzageuza kiganjani na kusema mbogo yule lazima alipigwa vibaya basi, mkurugenzi alikuwa sahihi.

Maneno ya fundi niliyaandika kama alivyoyasema: "Mzee wangu, mbogo wetu hatumpigi mita mia. Tusogeze madumu."

Hesabu iko upande wake. Risasi ya .375 ya greni 300 hutoka mtutuni kwa kasi ya takribani mita 770 kwa sekunde. Ikifika mita 100 imeshuka hadi karibu 700. Mtu huona ni tofauti ndogo, lakini nishati hufuata mraba wa kasi: kutoka karibu jouli 5,750 hadi karibu 4,750. Kwa hiyo kwenye mita 100 tulikuwa tunaipima risasi ile baada ya hewa kuipunguzia jouli elfu moja hivi. Mbogo wa kichakani hukutana nayo ikiwa bado nazo karibu zote.

Tulisogeza hadi mita 25, tukaweka tuta la mchanga nyuma, na mbele ya dumu la kwanza tukafunga kombe la bega kwenye furushi la magazeti. Ya kawaida ilivunja mfupa, ikapasua dumu la kwanza kwa kishindo hadi kifuniko kikapotea, na ikaishia la pili. Koti lilikuwa kwenye magazeti. Kipande kikubwa cha madini ya risasi kilichookotwa kilikuwa na gramu 8 hivi, na vingine vilikuwa vidogo vidogo kiasi cha kupembuliwa kwa vidole kwenye karatasi zilizolowa. Tulikuwa tunaitazama picha ya yule mbogo tena, safari hii ikiwa mezani.

Wengi hushangaa kusikia kwamba kasi zaidi ilipunguza kina. Kichwa laini kikigonga kwa kasi kubwa hufunguka mapema na kwa upana mno, upana huo huwa breki, na koti lisipokishika kiini kila kipande kinaenda zake na kusimama karibu.

Ya kuungwa ilivuka mfupa uleule na kusimama kwenye dumu la tano. Ilipanuka hadi karibu mara mbili ya unene wake na kubaki na zaidi ya gramu 17. Ya shaba ilifika la sita ikiwa na uzito karibu wote, mabawa yake yamejikunja kwa nje, ila haikupanuka kwa upana kama ile ya kuungwa. Kwenye mita 200, mwisho wa uwanja, ya shaba ilifunguka nusu tu. Tundu lake linahitaji kasi ili lifunguke, na kasi hupungua kwa umbali.

Uamuzi

Mkurugenzi alichagua ya kuungwa iwe risasi ya kwanza kwa mbogo, ikifuatwa ndani ya bunduki na zile ngumu zisizopanuka, kama wawindaji wengi wafanyavyo. Ya shaba iliachwa, si kwa ubaya wake, bali kwa sababu bunduki za kuazima hupita mikono mingi na hakuna aliyekuwa tayari kuahidi kwamba mtutu utasafishwa hadi chuma kila wakati wa kubadilisha aina.

Uamuzi huo ulikuwa na sababu zilizoandikwa, na ninauunga mkono. Wa pili siuungi mkono, na sikuuunga hata siku ile. Mzee aliomba ya kawaida ibaki kwa wanyama wepesi kama kongoni na swala, kwa kuwa ni sahihi, ni rahisi, na stoo imejaa. Kwenye karatasi alikuwa na haki. Swala hana kombe la bega la mbogo, na wengi wamelala kwa risasi ya aina hiyo. Lakini iliingia kambini pamoja na ile nyingine, kwa bunduki ileile, kwenye sanduku lilelile la chuma.

Msimu ulivyokwenda

Wachunaji walipewa maelekezo ya kutunza kila kichwa cha risasi wanachokikuta, kwenye bahasha yenye tarehe, aina ya mnyama na upande wa kuingilia. Mbogo wa kwanza waliopigwa kwa ya kuungwa hawakwenda mbali. Vichwa kadhaa vilikutwa chini ya ngozi ya upande wa pili, vizima.

Katikati ya msimu, mgeni alimpiga pofu dume, aina ya swala mkubwa sana. Alipiga kwa umbali wa wastani, mkao mzuri, na bado pofu akaenda. Walimfuata mchana kutwa na wakampata karibu na magharibi. Shimo lilikuwa juu ya pale alipolenga, na ndani kulikuwa na vipande vya madini ya risasi. Maganda yalipoangaliwa, moja lilikuwa la aina ya kawaida. Bunduki ilikuwa imesetiwa upya kwa ya kuungwa, kwa hiyo ya kawaida ikatua juu, na kwa mnyama mwenye uzito wa pofu haikuhimili. Makosa yote mawili yaliyoonekana kwenye jaribio, la mahali pa kutua na la kuvunjika, yalirudi kwa pamoja katika risasi moja. Jioni hiyo mkurugenzi alipiga simu kutoka Arusha, na maboksi ya kawaida yote yakarudishwa mjini.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri ni subira ya fundi mara mbili: aliposafisha mtutu na alipohamisha madumu. Mara zote mbili tulikuwa tayari tuna jibu, na lilikuwa jibu ambalo mtu mwenye uzoefu zaidi uwanjani alilipenda. Katika timu zetu si rahisi kijana au fundi kumpinga Mzee mbele ya watu. Fundi aliweza kwa sababu hakumwambia amekosea, aliomba kipimo kingine. Kwa anayeongoza jaribio la namna hii, ruhusa ya kuomba kipimo kingine itolewe asubuhi kabla ya risasi ya kwanza, isisubiri ujasiri wa mtu.

Mpangilio wa upigaji ulikuwa dhaifu. Tungepaswa kuzungusha zamu: kundi la ya kawaida, usafi, kundi la ya shaba, usafi, na kurudia kwa mpangilio wa kinyume. Kundi moja la tano kwa kila aina ni kidogo mno kusema sentimita 4 ni bora kuliko 5. Linatosha kusema kwamba zote tatu zinafaa kwa mbogo wa mita 60, mnyama ambaye eneo lake la moyo na mapafu lina upana wa sentimita 25 na zaidi. Ukishalijua hilo, usahihi hauwezi tena kuwa kigezo cha kuchagulia, na swali lote linahamia kwenye kupanuka na kina. Ripoti ya kampuni haikusema hivyo. Iliweka makundi kwenye ukurasa wa kwanza, na ukurasa huo ndio uliompa Mzee hoja ya kuibakiza ya kawaida.

Madumu nayo yasomwe kwa uangalifu. Maji hulazimisha kichwa kufunguka kuliko nyama inavyofanya, na magazeti yaliyolowa husimamisha risasi mapema kuliko mwili wa mnyama. Dumu la tano si kipimo cha sentimita ngapi ndani ya mbogo. Namba hizo zinafaa kulinganisha risasi na risasi kwenye mpangilio mmoja, basi. Kombe la bega lilikuwa wazo la dakika za mwisho, na ndilo lililotoa habari. Bila mfupa, ya kawaida kwenye mita 25 ingeonekana mbaya kiasi tu.

Bahasha za wachunaji ni utaratibu mzuri wenye mtego wake. Kichwa kinachookotwa ndani ya mnyama ni kile kilichosimama. Kilichopita na kutoka upande wa pili hakuna anayekiona. Ukipanga vichwa vya msimu mezani na kusema hivi ndivyo risasi yetu inavyofanya, umeshaacha nje zile zilizokwenda mbali zaidi. Daftari la msimu ujao lina safu ya shimo la kutokea, ndiyo au hapana, kwa kila mnyama, hata pale ambapo bahasha ni tupu.

Jambo moja halikuwa kwenye agizo la mkurugenzi na naona lingestahili kutangulia. Nyama ya uwindaji haitupwi, inaliwa kambini na vijijini jirani, na watoto wamo. Madini ya risasi ni sumu, hasa kwa mtoto, na vile vipande tulivyovipembua kwenye magazeti hupatikana vilevile kwenye bega la pofu, vingine vidogo kuliko jicho linavyoona. Sasa wachunaji hukata na kutupa nyama pana kuzunguka njia ya risasi. Kwa hoja hiyo peke yake, ya shaba inastahili kurudishwa mezani, na fundi ameomba bunduki moja itengwe kwa ajili yake tu, isipigwe aina nyingine yoyote. Mzee bado anapinga kwa sababu ya ile nusu iliyofunguka kwenye mita 200. Jaribio lijalo litapima umbali huo kwanza, kwa mtutu uliosafishwa, na kombe la bega likiwa mbele ya dumu tangu risasi ya kwanza.